Ubeti wa Maharage

Ukimwona Mwalimu wa Kwaya anakuja njiani, kabla ya shikamoo ulikuwa na kazi moja: kupitisha ulimi kwenye meno. Wote tulifanya hivyo, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ukimwamkia hakukuangalia machoni. Aliangalia kinywa, na marahaba yake ilikuja na hukumu.

"Marahaba. Umekula muwa."

"Marahaba. Hujapiga mswaki, umetafuna pipi ya mnanaa ukadhani mimi ni mtoto."

Mchungaji wetu alijifunza kumpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, midomo imefungwa, akijifanya ana haraka ya msiba. Mimi nina saluni hapa Moshono, nawahudumia wanawake wa kila namna, na nakuambia hakuna mtu aliyetuaibisha hadharani kama yule mzee, tukaendelea kumpenda. Ukiniuliza kwa nini, nitakusimulia, ila usinikatize.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kahawia alilolivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Mfuko wa kulia wa koti ulikaa filimbi ya kutolea sauti. Mfuko wa kushoto ulikaa kitu ambacho nitakifikia baadaye. Hakutuita majina. Alituita sauti zetu, hata sokoni, hata kwenye foleni ya benki. Mimi nilikuwa Alto. Mama yangu, aliyekuwa akiimba peke yake sehemu zile za kutoa watu machozi, alikuwa Mama Solo. Fundi magari mmoja mnene aliitwa Besi mpaka mke wake akasahau jina lake la ubatizo.

Wendawazimu wake wa fizi ulianzia kwa tena wetu mmoja, mwimbaji wa ile sauti ya juu ya wanaume. Sauti ya yule bwana, jamani, ilikuwa ikipanda mpaka waliokaa nyuma wanafunga macho. Basi fizi zake zikaanza kuvimba, akasema ni joto la mwili. Zikatoa damu, akasema ni uchovu. Meno ya mbele yakalegea, moja baada ya jingine yakamwacha, na kila akifika kwenye neno "sifa" ilitoka hewa tupu. Akaacha kuja mazoezini kwa aibu, na Pasaka ile tukaimba bila tena wa maana. Mwalimu wa Kwaya alikasirika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

"Mtu hakuoza jino hata moja!" alikuwa akituambia, akizungukazunguka mbele yetu. "Meno yalikuwa mazima! Kilichomtupa ni ufizi! Mgomba hauanguki kwa sababu ya ndizi, unaanguka kwa sababu ya udongo!"

Tangu hapo, kabla ya kutoa sauti kulikuwa na ukaguzi. Tulipanga mstari mlangoni mwa kanisa na yeye akasimama na tochi ya simu. "Fungua. Juu. Chini. Ulimi nyuma." Alichotafuta hakikuwa weupe. Hapa kwetu, maji yanayoshuka Meru yana madini yanayopaka meno rangi ya chai tangu hayajaota, na ukicheka tu Dar es Salaam wanakuuliza habari za Arusha. Mwalimu wa Kwaya hakuijali rangi hiyo hata kidogo. "Hiyo ni ya mlima," alisema, "huwezi kuifua." Alitafuta mahali jino linapoingia kwenye ufizi. Pakiwa pekundu pekundu na pamevimba, ulikuwa umekwisha. "Ona utando huu! Huu ukikaa unakuwa ukoga, ukoga ukikomaa unakuwa jiwe, na jiwe halitoki kwa mswaki wala kwa maombi ya kufunga! Kaa pembeni, huimbi leo, utatugeuzia kurasa."

Besi aligeuza kurasa miezi mingi. Alikuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti baada ya nyama choma, na Mwalimu wa Kwaya alilia kwa ajili ya hiyo njiti kuliko alivyolia kwenye mazishi ya kaka yake. Akamfundisha kupitisha uzi katikati ya meno, polepole, bila kukata ufizi. Besi, na mikono yake ile iliyozoea kufungua injini, akakata uzi, akakata mdomo, akaapa kwa Kimasai mbele ya madhabahu. Lakini akajifunza. Leo ukienda gereji kwake utaona kibunda cha uzi kinaning'inia pembeni ya spana.

Sasa nikueleze huu ubeti, maana bila huo hutanielewa.

Mwalimu wa Kwaya alikuwa ametunga wimbo wa mavuno wenye beti nne. Ubeti wa kwanza ulimshukuru Mungu kwa kahawa, wa pili kwa ndizi, wa tatu kwa maharage, wa nne kwa maziwa. Wimbo mtamu kweli. Ila wewe mwenyewe fikiria, nani anainua mikono juu kumshukuru Mungu kwa maharage? Kahawa sawa, ilisomesha watu. Ndizi ni heshima ya Mmeru. Maziwa, sisi Waarusha tukisikia maziwa tunaruka hata bila ngoma. Maharage yalikuwa yakipoza kanisa zima. Ibada ikichelewa kidogo, mzee wa kanisa ananong'ona "beti tatu tu," na watu wote, bila kuambiwa ni zipi, wanatoka kwenye ndizi wanaingia kwenye maziwa. Kila mara Mwalimu wa Kwaya alifumba macho kama anayechomwa sindano.

Akajilipiza kisasi kwa njia yake. Alitangaza kwamba mswaki unapigwa kwa wimbo ule, unaimbwa kichwani, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Kahawa ni ya meno ya juu, nje na ndani. Ndizi ni ya magego ya chini. Maziwa ni ya ulimi na pale pa kutafunia. Na maharage yakapewa mahali pasipoonekana na mtu yeyote: upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapolala. Hapo ndipo ukoga unapojenga nyumba kwanza, alisema, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anapopita mbio. Mswaki laini, umeinamishwa kidogo kuelekea kwenye ufizi, taratibu, si kwa kusugua sufuria.

Na kweli, sijui alikuwa na jicho gani, lakini alikuwa akikufungua kinywa anasema, "Alto, umeruka maharage." Na nilikuwa nimeruka.

Kuhusu chakula hakuwa na huruma. Zamani mazoezi yalikuwa na soda na keki, ndiyo sababu nusu ya kwaya iliokoka. Yeye akafuta soda. Akaleta mapera ya kwake, gunia zima, na machungwa yakiwa msimu, na maziwa ya mgando. Akisikia unasema "sina hela ya matunda," anakuonyesha mpera wa jirani. Mnafu, ile mboga chungu ya majani, aliusifu hata kwenye harusi. Nilikuwepo siku alipopewa kipaza sauti awaase maharusi, akawaambia wapendane, wasameheane, na wasile wali mtupu bila mboga za majani, kwani ufizi wenye njaa hauponi. Bwana harusi akaitikia amina. Akaongeza kwamba mwenye sukari ajitibu sukari kwanza, la sivyo fizi zitaendelea kuvimba hata akipiga mswaki kutwa, na baba mkwe aliyekuwa na sukari na akiificha akanywea kwenye kiti.

Usidhani alikuwa malaika. Nilikuahidi mfuko wa kushoto.

Mfuko wa kushoto ulikaa kikopo cha ugoro. Alisema ni cha mafua, ananusa kidogo tu, ni dawa. Sisi tukaamini kwa sababu tulitaka kuamini. Lakini bibi yangu, mama yake mama, sisi tunamwita Koko, yeye hakuwa akidanganywa na mtu. Koko alikuwa mteja mkubwa wa ugoro upande wetu wa mto, na Mwalimu wa Kwaya alikuwa akipita nyumbani kwetu "kusalimia wazee," kisha wawili hao wanapotelea nyuma ya zizi. Siku moja Koko akarudi anacheka peke yake.

"Huyo mwalimu wenu," akasema, "ananusa kwa mdomo."

Yaani alikuwa akiubandika chini ya mdomo, palepale kwenye ufizi! Mtu aliyemnyima Besi kuimba kwa sababu ya njiti ya kiberiti! Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote: hakuna aliyewahi kuona fizi zake. Alikuwa akicheka na kiganja mdomoni. Ukimwambia, "Mwalimu, na wewe fungua," anajibu, "Mwalimu hakaguliwi," anapiga filimbi, na mazoezi yanaanza.

Koko mwenyewe hakuwa na jino hata la kuazima. Mawili ya chini ya katikati alitolewa utotoni kwa mila, kama walivyofanyiwa wenzake wote wa rika lake, na mengine yalimtoka ukubwani kwa fizi. Alikuwa na msemo: "Yale mawili yalitoka kwa heshima. Haya mengine yametoka kwa utovu wa adabu." Alikula loshoro asubuhi na jioni, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, kwa kuwa loshoro haikuulizi meno. Na mama yake naye alikuwa hivyohivyo. Kwetu ilikwisha kukubalika kwamba wanawake wa ukoo huu hawazeeki na meno, ni damu yao, na hakuna la kufanya. Mama yangu alikuwa akiogopa siku hiyo kuliko kifo. Aliniambia mara nyingi, "Nikipoteza meno, sauti yangu nitaipitishia wapi?"

Ndipo tukaja kwenye habari ya video.

Kwaya iliamua kurekodi. Siku hizi kwaya bila video ni kama harusi bila picha. Tukakubaliana tukapige kule Momela, ziwani, wale ndege wa rangi ya waridi wakiwa nyuma yetu, na Mama asimame mbele kabisa. Kijana wa kamera akasema kwa wema tu kwamba kamera yake ni kali, inaonyesha kila kitu. Mama akaingia ndani akajiangalia kwenye kioo. Akaona meno ya rangi ya chai aliyokua nayo. Akaamua kuyafua.

Alisaga mkaa. Akauchanganya na mchanga wa mto, ule laini, na chumvi. Akatafuta mswaki mgumu kuliko yote dukani. Asubuhi, mchana na jioni, nilikuwa nikisikia nje kwenye bomba kama mtu anapiga msasa meza. Meno hayakubadilika rangi hata kidogo. Fizi ndizo zilizobadilika. Zikachubuka, zikavimba, mate yake yakawa mekundu.

Hapo akafanya jambo ambalo nusu ya wateja wangu saluni wangelifanya mpaka leo. Alipoona damu, akaacha kupiga mswaki kabisa.

"Nimeyapumzisha," akaniambia. "Kidonda hakiguswi."

Akayapumzisha tangu majani ya kwanza ya mahindi mpaka mahindi yakabeba. Alisukutua kwa maji tu, basi. Utando ukapata nafasi yake, ukawa ukoga, na fizi zilizokuwa zimechubuka zikawa zinatoa damu hata akila ndizi mbivu. Alijificha kwenye ukaguzi kwa kusema ana mafua. Siku moja tunakunywa chai, akaweka kikombe chini, akashika meno ya mbele ya chini kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika.

"Yanacheza," akasema.

Akaanza kulia. Mimi nikaanza kulia. Koko, pale kwenye kigoda chake, akatuangalia akasema, "Ungeyatoa mapema kama mimi, ungekuwa na amani." Mama akamwambia kitu kwa Kimasai ambacho sitakitafsiri.

Hatukumwambia Mwalimu wa Kwaya. Alijiambia mwenyewe. Mazoezi yale Mama alianza sehemu yake, na yeye akapiga filimbi katikati, kitu ambacho hajawahi kufanya Mama akiimba. Akamsogelea, hakuwasha hata tochi.

"Mama Solo, unaogopa herufi," akasema. "Ulimi wako unakwepa meno. Fungua."

Mama akafungua. Mwalimu wa Kwaya akaangalia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Akasema kwa sauti ndogo, "Tutaimba na nani?" Kisha akatoa leso akajifuta uso wote, hata masikio.

Kesho yake alikuja nyumbani. Akamweleza Mama kwamba damu haikuwa sababu ya kuacha. "Damu inakuita, nawe umeifungia mlango! Mswaki mgumu uutupe, mkaa uurudishe jikoni, uchukue mswaki laini uendelee, taratibu. Lakini ukoga ulioshika sasa hautoki kwa mswaki. Twende hospitali mjini, kwa daktari wa meno, aukwangue."

Mama akakataa. Alikuwa na hakika ukienda kwa daktari wa meno unarudi bila meno, kwa sababu wote aliowajua walikwenda wakiwa wamechelewa, wakarudi bila meno. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu wa Kwaya akaitaja Biblia. Mama akaitaja Biblia sehemu nyingine. Mwishowe Mama akasimama, mikono kiunoni.

"Sawa, nitakwenda. Ila siku hiyohiyo wewe utampa Koko hicho kikopo cha mfuko wa kushoto, na hutanunua kingine. Unadhani hatujui unanusa kwa wapi?"

Nilidhani mzee atakufa pale. Akamwangalia Koko kwa jicho la msaliti aliyesalitiwa. Koko akawa anatazama mlima, utadhani ndiyo mara ya kwanza anauona. Mwalimu wa Kwaya akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akauingiza tena. Kisha akakiweka kile kikopo kwenye kiganja cha Koko, akasema, "Wewe huna cha kuharibika." Koko akafunga kiganja haraka asije akaghairi.

Hospitali alitupeleka yeye mwenyewe. Na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda, akaipakia nusu ya kwaya. Daktari wa meno, binti mdogo mwenye mikono ya taratibu, alituona mmoja mmoja. Unajua Mwalimu wa Kwaya alikuwa wapi? Nje, chini ya dirisha, amebeba mikoba ya wanawake wote mabegani na mikononi. Nesi akamwambia, "Na wewe mzee, karibu." Akasema yeye ni mlinzi wa mikoba.

Daktari alimkwangua Mama ukoga wote, na akamwambia palepale ukweli: yale mawili ya chini ya katikati mfupa wake umekwisha, hayashiki tena. Mengine yote yanaokoka akiyatunza. Yakatoka yale mawili. Mama akarudi nyumbani na kitambaa mdomoni, macho yamevimba, akafungua kinywa mbele ya Koko.

Koko akapiga makofi. Akapiga kigelegele! Pengo lilikuwa palepale, mahali hasa ambapo mila inalitaka.

"Mwanangu!" akasema. "Sasa umekuwa mtu!"

Mama alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka, na nadhani hapo ndipo alipopona. Tulikwenda Momela. Alisimama mbele ya ziwa na meno yake ya rangi ya chai na pengo lake katikati, fizi zimeanza kutulia, akaimba akiwa amefungua mdomo wote. Ile video ilipotoka, wazee wa Kiarusha kutoka Terrat mpaka huko juu mlimani wakapiga simu kuuliza ni nani huyu mama anayeheshimu mila kiasi hiki. Mama hakuwasahihisha hata mmoja.

Kuanzia hapo akawa wa mswaki laini, uzi, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mapera. Lakini Mwalimu wa Kwaya hakumwamini. Kila wakikutana ni ugomvi uleule.

"Mama Solo. Maharage?"

"Nimeimba, Mwalimu."

"Hujaimba."

"Nimeimba, Mwalimu, haki ya Mungu!"

"Nitajuaje?"

"Si uangalie!"

Anaangalia, anaguna, anaondoka. Kuguna kwake hatukujua ni ndiyo au ni hapana. Mimi binafsi nilikuwa upande wa Mwalimu, kwa sababu Mama kanisani aliruka ubeti ule pamoja na sisi sote, bila haya, na sikuwahi kumsikia akiuimba mahali popote.

Miaka imepita. Koko ametangulia, na kile kikopo tulimzika nacho. Kwaya ina mwalimu mwingine, kijana mzuri, ana kinanda cha umeme, anatuita majina yetu na hakagui chochote. Mwalimu wa Kwaya alipata kiharusi mwaka jana. Tulisikia amerudi kutoka hospitali, tukaenda wengi na mchele na sukari, na yeye akalala akiangalia dari. Mkono wa kulia haukuitikia. Watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba mzee yupo lakini hayupo; Mama peke yake akashikilia kwamba yupo.

Wiki mbili tatu hivi zilizopita tukaenda tena, mimi na Mama peke yetu. Mke wa mwanawe alitupokea vizuri, mwanamke msafi, nyumba inang'aa, mzee ameogeshwa na mjukuu wa kiume na kuvalishwa koti lake. Lakini tulipoinama kumwamkia, tukasikia harufu. Mama akanyanyuka.

"Mwanangu, mzee anapigwa mswaki na nani?"

Yule mkwe akainamisha kichwa. Akasema mume wake yuko safarini na malori, mjukuu anamwogesha asubuhi mbio mbio kabla ya shule, na yeye mwenyewe anaanzaje kumwingizia mkono mdomoni baba mkwe wake? Na kweli, kwa mila yetu haiwezekani. Hata kula mbele yake ilimtia haya. Hakuna wa kumlaumu. Lakini miezi yote hiyo, kinywa cha mtu yule, cha mtu yule jamani, kilikuwa hakijaguswa.

Mama akafungua mkoba, akatoa mswaki mpya, laini, na dawa. Nikajua alikuja akiwa amejiandaa. Akaomba maji ya uvuguvugu na beseni, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Mwalimu," akasema. "Fungua."

Mzee akafunga midomo. Macho yake yakaenda ukutani. Tukaelewa, mimi na Mama: Mwalimu hakaguliwi.

"Juu," akasema Mama, kwa sauti ileile ya mlangoni mwa kanisa. "Chini. Ulimi nyuma. Au utatugeuzia kurasa leo."

Sijui kama alicheka. Upande mmoja wa uso ulitikisika. Akafungua.

Basi nikaziona fizi za Mwalimu wa Kwaya. Zilikuwa zimevimba, zimejaa utando, na pale mbele chini ya mdomo, pa ugoro wa zamani, palikuwa pamenyauka na meno yameachwa shingo wazi. Mama alianza taratibu, mswaki umeinama kidogo kuelekea kwenye ufizi, na akaanza kuimba. Kahawa. Alipofika mwisho wa kahawa akatoa mswaki, na ulikuwa mwekundu. Mzee akauona. Akaogopa, akaweka mkono wake wa kushoto kwenye mkono wa Mama kuusukuma.

"Damu inakuita, Mwalimu," Mama akamwambia. "Usiifungie mlango."

Akaushusha mkono. Mama akaimba ndizi, magego ya chini, huku na huku. Mkwe alikuwa mlangoni, ameshika leso. Ndizi ikaisha. Na Mama, bila kupumua, akatoka kwenye ndizi akaingia kwenye maziwa, kama tulivyofanya kanisani maisha yetu yote.

Mkono wa kushoto wa mzee ukapanda juu. Kiganja wazi, vidole vimenyooka, juu kabisa ya kichwa. Kila aliyewahi kuimba kwake anaijua ishara ile. Nilijikuta nimefunga mdomo na sikuwa hata naimba.

Mama akasimamisha mswaki. Povu likamshuka mzee kidevuni. Akahangaika na ulimi wake, akajaribu, ikashindikana, akajaribu tena.

"Ma," akasema. "Maha. Maharage."

Mama akanigeukia, machozi yanamtoka huku anacheka na pengo lake lote wazi. "Nilitaka kujua kama yupo," akasema. "Yupo! Si nilikwambia yupo?"

Kisha akamgeukia, akaegesha mswaki ndani ya meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapolala, akaanza kuimba ubeti wa tatu.

*Asante kwa maharage,*
*chini ya migomba yetu;*
*hakuna ayasifuye,*
*nayo ndiyo nguvu zetu.*

Aliuimba wote, pamoja na mistari mingine ambayo mimi siijui, neno kwa neno, bila kusita mahali hata pamoja, kama mtu anayeuimba kila asubuhi na kila usiku. Mzee alikuwa akimwangalia usoni, mkono wa kushoto ukipiga mapigo hewani polepole. Ubeti ulipokwisha akatema kwenye beseni, akamwangalia Mama, akaguna.

Mama akafuta kidevu chake kwa leso. "Nimekwambia nimeimba, Mwalimu," akasema, na akaanza maziwa.